Vitambaa vya Mteja Mgumu

Harusi ikiisha, watu hurudi makwao wakisema imependeza. Bi Povu hakuwahi kusema hivyo hata siku moja, kwa sababu yeye harusi za watu alikutana nazo Jumatatu, zikiwa ndani ya magunia.

Alikuwa mfuaji. Shangazi yake, dada wa marehemu baba yake, ndiye aliyemlea, na ndiye aliyekuwa na biashara ya kukodisha mapambo ya kumbi: vitambaa vya meza, vitambaa vya viti, tepe za kufunga nyuma ya viti, na maua ya plastiki yasiyonukia chochote ila vumbi. Sifa za Jumamosi zilikwenda kwa Shangazi. Magunia ya Jumatatu yalikuja kwa Bi Povu, uani, karibu na bomba, na alipoyafungua ilimbidi ageuze uso kwanza. Mchuzi uliolala, jasho, manukato makali na mkojo wa mtoto wa mtu, vyote kwa pamoja.

Usimwambie habari za waungwana. Waungwana aliwajua. Ni wale wanaokula kwa uma mbele ya kamera, kamera ikigeuka wanafuta vidole kwenye kitambaa cha kiti cha jirani. Aliwahi kukuta mfupa uliotafunwa umeviringishwa vizuri ndani ya utepe, utadhani ni zawadi. Aliwahi kukuta kope za bandia zimeganda kwenye keki, akaruka akidhani ni jongoo. Na siku moja, akikwangua kitambaa cha meza kuu, meza ya maharusi wenyewe, alikuta kwa ndani, pale penye magoti ya bwana harusi, gamu za kutafuna zimebandikwa kwa mstari. Mtu amekaa pale na suti yake, anatabasamu, anaapa kupenda mpaka kufa, huku chini anabandika gamu.

"Kinyaa gani hiki!" alisema peke yake, akatema mate mtaroni. "Mimi siolewi ndani ya kitu ambacho Jumatatu nitakifua mwenyewe."

Nadhiri hiyo aliiweka kabla hajapata hata wa kumwoa, na majirani walimcheka. Mwanamke anakaribia arobaini, hana mchumba, anachagua ukumbi! Lakini yeye hakuwa akichagua ukumbi. Alikuwa akiukataa, na kukataa hakuhitaji mchumba.

Mchumba alikuja baadaye, kupitia kandambili iliyokatika. Kando ya barabara ya kwenda sokoni, chini ya ukuta wa duka la dawa, alikaa mshona viatu aliyeitwa Fundi Soli, kwenye kigoda kifupi sana. Aliipokea kandambili bila kuinua kichwa, akaigeuza, akainusa kidogo.

"Wewe unasimama kwenye maji ya sabuni siku nzima," alisema.

"Umejuaje?"

"Imeoza kwa ndani, kwa nje inang'aa."

Bi Povu alicheka, jambo lililokuwa nadra. Akaona kumbe yuko binadamu mwingine anayewajua watu kwa uchafu wao. Kandambili ikatengenezwa, ikakatika tena bila sababu ya maana, ikarudishwa, na mtaa mzima ukaelewa kabla wenyewe hawajaelewa.

Fundi Soli alikuwa mtu mwema, na wema wake ulikuwa na kasoro moja: neno "hapana" lilimkaa kooni kama mwiba wa samaki. Mteja akitaka kiatu kesho, sawa. Akitaka leo, sawa. Akitaka jana, Fundi Soli angekuna kichwa, lakini angesema sawa. Kwa hiyo Bi Povu alipotoa masharti yake, jibu lilikuwa lile lile.

"Fundi, nikwambie mapema. Ukumbi sitaki. Meza kuu sitaki. Kiti kilichovalishwa gauni sitaki hata kukiona."

"Sasa tutaoana wapi, hewani?"

"Pale." Alinyoosha kidevu kuelekea kilima cha mawe nyuma ya mji, kile chenye mnara wa simu kileleni. "Tunapanda asubuhi, mimi na wewe, msajili na mashahidi wawili. Tunaapa, tunakunywa maji, tunashuka. Anayetaka kufuta mikono, majani yapo."

"Na Shangazi?"

"Shangazi atasikia tukishashuka."

"Sawa," alisema Fundi Soli, akaendelea kugonga msumari.

Kuoana kimyakimya, watu hudhani ni jambo la kujiondokea tu. Kumbe lina shughuli kuliko harusi ya watu mia, maana wa kukusaidia hayupo. Kwanza njia. Walikwenda kuijaribu Jumapili moja, wakaanzia nyuma ya machimbo ya kokoto, na mawe ya mwanzo yalikuwa yamegeuzwa choo. Bi Povu aliziba pua kwa upande wa kanga.

"Hata huku? Jamani, hata huku?"

"Watu wako kila mahali," alisema Fundi Soli, akimwonyesha pa kukanyaga.

Wakapita mavi ya mbuzi, wakapita miiba, wakapita chupa tupu na fulana ya mtu asiyejulikana alirudije nyumbani. Bi Povu alikuwa karibu kukata tamaa na kilima na binadamu kwa pamoja. Ndipo njia ikageuka, majani yakaisha, ukabaki mwamba mtupu, upepo na mnara. Aliketi, akaweka kiganja juu ya jiwe, akakiinua, akakitazama. Hakikuwa na kitu. Mvua ilikuwa imefua pale peke yake kwa miaka, na hakuna aliyefuta kidole. Kifua kilimlegea kwa furaha. Tangu utotoni alikuwa akiishi na taka za furaha za watu, na hapa ndipo alipotaka furaha iwe yake, safi, walau kwa asubuhi moja.

"Ni hapa," alisema.

Fundi Soli alikuwa akitazama mji chini, paa za mabati, barabara ya soko, watu wadogo kama chawa. "Huku juu hatuonwi na mtu," alisema.

"Ndiyo uzuri wake."

"Ndiyo," alijibu, lakini alichelewa kidogo kulisema.

Msajili wa ndoa alikuwa mama mnene wa ofisi ya serikali, aliyechoshwa na feni mbovu na maharusi wanaochelewa. Walipomwambia habari za kilima, aliwatazama kama wamemwomba figo.

"Mimi ngazi za humu ndani tu nazipanda nikinung'unika. Mnanitakia nini?"

"Tutapumzika njiani, mama," alisema Bi Povu. "Hata mara kumi."

Msajili alifikiri. Akasema daktari wake amekuwa akimpigia kelele atembee, basi acha atembee kwa faida, na asikute umati huko, maana umati ameuchoka. Wakamwapia kuwa hakuna umati. Mashahidi wakawa fundi saa, jirani wa Fundi Soli pale ukutani, na mkewe. Viatu Fundi Soli alivitengeneza mwenyewe, jozi mbili, ngozi juu na tairi la lori chini, na vya Bi Povu akavishona kwa uzi mwekundu kwa sababu ua jekundu alijua angelikataa.

Shangazi naye alikuwa akimsakama siku zote hizo. Lini? Ukumbi upi? Rangi gani? Nimepamba harusi za watoto wa watu, wa kwangu niachwe nikitazama? Bi Povu alijibu kwamba watasubiri mwaka ujao, akaendelea kusugua. Halafu wiki moja Shangazi akanyamaza ghafla. Hakuuliza lini, hakuuliza rangi. Bi Povu alishukuru. Angekuwa na akili siku hiyo angeogopa, maana Shangazi akinyamaza ujue jiko limewashwa.

Alhamisi ya wiki ile ile Shangazi alitokea uani na furushi la vitambaa vya viti vipya kabisa, na tepe zake.

"Hivi vifue, uvitie buluu ving'ae, uvipige pasi mara mbili. Sitaki doa. Sitaki hata kivuli cha doa."

"Vipya unavifua vya nini, Shangazi?"

"Vina harufu ya dukani. Mteja mwenyewe ni mgumu sana kupendezwa."

"Wa wapi huyo?"

"Utamjua ukimwona," alisema Shangazi, akaondoka upesi akiwa ameuma mdomo.

Bi Povu akavifua. Mradi ulikuwa uchafu wa dukani tu na si wa watu, alivifua karibu kwa raha, akavianika, akavipiga pasi hadi kingo zikasimama. Alimwonea huruma huyo mteja mgumu. Alijisemea kwamba angalau kuna mtu mmoja mwenye akili timamu anayejua doa ni nini, ingawa masikini naye kakubali ukumbi. Ijumaa pikapu ikavichukua.

Jumamosi walianza kupanda jua likiwa changa. Bi Povu alivaa gauni la kijivu lisiloonyesha vumbi, na viatu vya uzi mwekundu. Msajili alikuwa na fimbo, kofia ya jua na manung'uniko ya kutosha safari nzima. Kila walipopumzika aliuliza kama daktari wake hakuwa na maana ya kutembea tambarare. Fundi saa na mkewe walitazamana sana, na Fundi Soli, aliyependa kupiga soga, hakuwa na soga. Bi Povu alidhani ni woga wa bwana harusi.

Walipofika kwenye kona ya mwisho aliona weupe kileleni. Alidhani ni ndege. Akapiga hatua, akadhani ni mawe yaliyopigwa na jua. Akapiga hatua nyingine, na hapo hakudhani tena, kwa sababu kingo zilizosimama vile zilikuwa za pasi yake.

Viti vilipangwa safu juu ya mwamba wake, vimevalishwa magauni, tepe nyuma. Maua ya plastiki yalikuwa yamezungushiwa mnara wa simu. Ndugu walikuwa wamekaa wakijipepea, wameloa jasho, wanja wa binamu umeshuka hadi kwenye mashavu. Mjomba mmoja, ambaye hakuwahi kungoja harusi ianze ndipo ale, alishashika paja la kuku, na mkono wake wa pili ulikuwa ukitafuta pa kujifutia. Ulipapata pembeni mwa kiti. Vidole vinne vya mafuta, vuup, hadi chini.

Vigelegele vikalipuka. Bi Povu aliinama, akashika jiwe.

"Mliniambia hakuna umati!" alifoka msajili.

Bi Povu alimgeukia Fundi Soli. "Nani amewaambia?"

"Haki ya nani, nashangaa kama wewe."

"Unashangaa?"

"Nashangaa, Bi Povu. Labda walituona siku ile."

Alikuwa hodari wa viatu, lakini uongo hakuujua, na zaidi ya hapo alisahau anamwoa nani. Bi Povu alikwenda kwenye kiti cha karibu, akaugeuza utepe nyuma. Pale penye fundo, mahali kidole gumba hukandamiza ili fundo lisifunguke, palikuwa na alama nyeusi ya mviringo, mistari yake yote ikionekana. Hakuhitaji kuinusa, lakini aliinusa. Dawa ya viatu. Alikwenda kiti cha pili, ipo. Cha tatu, ipo. Mtu anaweza kunawa hadi kiwiko, lakini dawa ya viatu haitoki kwenye mikunjo ya gumba lililoishika nusu ya maisha, na Fundi Soli hakulijua hilo kwa sababu hakuwahi kushika kitu cheupe.

Vigelegele vikafa kimoja kimoja. Kikulacho ki nguoni mwako, husema watu, na safari hii kilikuwa nguoni kweli.

"Umevifunga wewe," alisema Bi Povu. "Umekuja huku jana, ukafunga kimoja kimoja, leo unaniapia."

Fundi Soli alitazama viatu vyake.

"Mwache mwenzio!" Shangazi alisimama, kanga ya kiunoni inamfunguka, miguu imevimba ndani ya viatu vya kisigino alivyopandia kilima kwa ubishi. "Nilipeleka kiatu kushonwa, nikaona jozi ya mwanamke yenye soli ya lori, nikauliza. Mimi ndiye niliyemlazimisha."

"Hapana, Shangazi," alisema Fundi Soli. "Hukunilazimisha."

Hata fundi saa aliinua kichwa. Miaka yote ukutani pale, hakuwahi kulisikia neno hilo likitoka kwa jirani yake.

"Alinambia tuwalete watu, nikafurahi," Fundi Soli aliendelea, sasa akimtazama Bi Povu. "Mimi naishi chini. Watu wananijua kwa utosi. Mtu anavua kiatu, ananinyooshea mguu, huku anaongea na simu. Nikikutana naye sokoni nimesimama, nikimsalimu, anashika mkoba wake. Nilitaka siku moja wao wakae, mimi nisimame, waone uso wangu ukoje. Siku moja tu."

"Mbona hukusema?"

"Ulikuwa umechukia sana. Kila nikitaka kusema, unataja gamu."

Mtu mmoja alicheka, akanyamazishwa. Upepo ulipeperusha ua moja la plastiki likaenda zake bondeni, na hakuna aliyelifuata.

Bi Povu alisimama na utepe mkononi. Alimchukia kwa uongo wake. Alimchukia Shangazi, na maua, na zile njia nne za mafuta kwenye kitambaa alichokipiga pasi mara mbili. Akajitazama na yeye, akakuta kwamba katika mipango yote ile, ya njia na viatu na msajili, hakuwahi kumwuliza huyu mtu anataka nini. Alimwambia, akasikia sawa, akaenda. Hilo nalo lilimtia kinyaa, na halikuwa la kufua kwa sabuni.

"Fungua," alisema.

"Nini?"

"Umefunga, fungua. Vyote. Nimekuja kuolewa, sikuja kufua."

"Viti vitabaki uchi!" alipiga kelele Shangazi.

"Vibaki. Mwamba uko uchi toka enzi, umewahi kulalamika?"

"Asiyesikia la mkuu..."

"Mguu uliovimba hapa ni wako, Shangazi. Kaa, uvue viatu."

Basi ndugu wote wakasimama, na bwana harusi akapita safu kwa safu akifungua mafundo yake mwenyewe, na kila alipomfikia mtu alilazimika kumtazama, na huyo mtu kumtazama yeye. Walimwona uso sawasawa, umetota jasho na aibu, na walipomaliza kumwona mara moja walimtania, na walipomtania akaanza kucheka. Mjomba aliomba abakishiwe kitambaa chake, akanyimwa.

Msajili aliketi juu ya plastiki tupu akasema hajawahi kukaa kiti baridi hivyo, afadhali waanze kabla hajalala. Fundi Soli aliulizwa, akajibu "ndiyo" kabla swali halijaisha. Bi Povu aliulizwa, akatazama vidole vya mjomba, akatazama uso wa Fundi Soli, akakaa kimya hadi Shangazi akaanza kukohoa, ndipo akasema ndiyo.

Usidhani kwamba watu wale walibadilika. Chakula kilipotoka, Shangazi alikuwa ameviweka vitambaa lundo kando, vimekunjwa, na kila aliyemaliza kula alipita pale akainama kidogo, akijifanya anachukua kitu. Kabla ya kushuka, mwamba wake ulikuwa na mchuzi, na Bi Povu aliumwagia maji ya kunywa yaliyobaki, akijua hayatoshi.

Jumatatu alikuja kazini akitokea kwa mumewe, ambaye alikuwa bado hajasamehewa kabisa na alikuwa akilijua hilo. Gunia lilikuwa likimngoja penye bomba. Akageuza uso kwanza, kama desturi, kisha akafungua harusi yake mwenyewe. Mchuzi. Rangi ya mdomo ya binamu. Vidole vinne vya mjomba. Alifyonza, akatukana taratibu, akasugua kila kimoja hadi kikatakata.

Tepe aliziacha mwisho. Dawa ya viatu ni adui mwenye dawa yake: mafuta ya taa kidogo kwenye pamba, unagusa, unasubiri, unasuuza. Alichukua chupa, akaanza. Gumba la kwanza likatoka, la pili likatoka, akaendelea hadi kamba ya kuanikia ikajaa tepe nyeupe. Ulipobaki utepe mmoja, alikaa na pamba yake mkononi akiutazama kwa muda, ile mistari yote midogo.

Shangazi alitoka ndani amevaa kandambili, visigino vimepigwa marufuku na miguu yenyewe, akahesabu tepe kwa macho.

"Na huo?"

"Huu una doa."

"Si ulitoe? Tangu lini doa likakushinda wewe?"

"Hili limenishinda."

Shangazi alitazama chupa ya mafuta ya taa iliyo wazi. Akatazama kamba. Akamtazama mtoto wa kaka yake, aliyekuwa ameinamia beseni akisugua kitu ambacho tayari kilikuwa safi.

"Basi utupe," alisema Shangazi.

"Nitautupa," alijibu Bi Povu, akaukamua, akautia mfukoni.